Madam Aliyekaa Akitazama Mlango

Madam alikuwa anakaa akitazama mlango. Meza yake ilikuwa kwenye pembe ya mwisho ya chumba, na kila aliyeingia alikutana na macho yake kabla hajaona kompyuta hata moja. Mgeni angedhani ni ukali wa mwalimu anayewavizia wanaochelewa. Haikuwa ukali, ilikuwa hofu. Siku zile ulienea uvumi Thika nzima kwamba kuna watu, wengine walisema wa serikali, wengine wa kampuni za ng'ambo, wanaopita kwenye vyuo vya kompyuta wakiuliza risiti za programu. Hakuna chuo kilichokuwa na risiti. Programu ya kuandikia barua, ya mahesabu, ya kutunza rekodi, zote zilikuwa zimenakiliwa kutoka disketi moja hadi nyingine mpaka hakuna aliyekumbuka ya kwanza ilitoka kwa nani. Viatu vigumu vikisikika kwenye varanda, Madam aliacha kusema katikati ya sentensi, na darasa zima liliacha kuandika.

Nilimwita Madam kwa sababu kila mtu alimwita hivyo. Yeye aliniita Digrii. Nilikuwa nimetoka chuo kikuu, sina kazi, na alinichukua nimsaidie kufundisha huku nikingoja kazi ya maana. Jina hilo alilitumia kama mtu anayekugonga na rula bila nia ya kukuumiza. Digrii, printa imemeza karatasi tena. Digrii, wewe umesoma mpaka hesabu za herufi, mbona hujui kufunga mlango?

Chuo kilikuwa chumba kirefu nyuma ya kanisa moja pale mtaa wa Landless. Kanisa lilimkodisha, naye aliimba sauti ya pili katika kwaya ya kanisa hilohilo, kwa hiyo mwenye nyumba wake alikuwa pia mchungaji wake, Pasta kama tulivyomwita. Asubuhi walikuja wasichana wa taipu. Mchana walikuja wa kompyuta, wengine vijana waliotoka zamu viwandani wakiwa bado na pamba kwenye nywele.

Alikuwa mchoyo. Lazima niliseme hili mapema, maana wanaomkumbuka leo humfanya mtakatifu wa kugawa. Stepla yake aliifunga kwa kamba kwenye mguu wa meza. Mwavuli hakumwazima mtu hata mvua ikinyesha mawe. Alikuwa na kikombe cha bati, cha kijani, kilichobanduka rangi ukingoni, na hakuna mdomo mwingine ulioruhusiwa kukigusa. Mwanafunzi mmoja mgeni alikinywea maji kwa kutojua. Madam alikiosha kwa maji ya moto na majivu, polepole, mbele ya darasa zima, na yule mwanafunzi hakukiangalia tena kikombe kile mpaka anamaliza kozi.

Lakini uji wake ulikuwa na sheria nyingine. Alikuja nao kila siku ndani ya thermosi, uji wa wimbi uliochachuka, mkali wa kukunja uso. Uji kidogo wa zamani wa kuchachushia unga aliupata kwa jirani alipohamia Kiganjo akitoka kwao magharibi, na jirani alimpa kwa neno moja tu: yeyote atakayekuomba, usimnyime. Kwa hiyo hakumnyima mtu. Mwanamke aliyegombana naye juu ya kamba ya kuanikia nguo, hata hawasalimiani, alipiga hodi na bakuli, na Madam akalijaza bila kumwangalia usoni. Nilimuuliza kwa nini, maana yule jirani wa kwanza alishahama na hangejua. Akaniambia kwamba yule mama hakumpa uji ili ajue kama atawapa wengine.

Nilimwona kama mtu wa kawaida mwenye vituko vyake mpaka pale kifurushi kilipofika. Mwanafunzi wake wa zamani aliyekwenda kusoma ng'ambo alimtumia CD kadhaa na karatasi za maelezo zilizochapwa. Nilizisoma kwanza mimi, kisha nikamweleza, nikicheka. Kulikuwa na watu huko, nikasema, walioamua kwamba programu haifai kufungiwa mtu. Kila programu huanza kama maandishi ambayo mtu anaweza kuyasoma, halafu hugeuzwa kuwa kitu ambacho mashine pekee ndiyo hukielewa. Kampuni hukuuzia hicho cha mashine na kuyaficha maandishi. Hawa walikuwa wanataka mtumiaji awe na haki ya kuitumia atakavyo, kufungua na kusoma, kubadilisha, na kumpa mwenzake. Na ili wasitegemee kampuni yoyote, walikuwa wanaandika kila kitu upya, kipande kwa kipande, watu wasiojuana, kila mmoja kwao, mpaka mashine iweze kuwashwa na kufanya kazi bila kitu kimoja kilichofungwa.

"Na wakishaandika, mwingine asichukue akafungia?" aliuliza.

Hapo ndipo palikuwa na ujanja wao, na hata mimi niliukubali. Hawakuipinga sheria ya hakimiliki, waliipanda mgongoni. Waliandika: hii ni mali yangu, na kwa kuwa ni mali yangu naweza kukuwekea sharti, na sharti langu ni kwamba ukimpa mwingine, hata kama umeiboresha, umpe na maandishi yake, na haki zilezile nilizokupa wewe.

Madam alifungua thermosi, akamimina uji, akanywa. Kisha akaniambia nizipakie hizo CD kwenye mashine zote.

Nilimpinga. Nilimpinga mwezi baada ya mwezi, kwa sababu ndivyo nilivyokuwa na kwa sababu nilikuwa na hoja. Hoja ya kwanza: hapa kwetu kila kitu tayari ni cha bure, tunanakili tu, uhuru wa nini tena? Alinionyesha mlango kwa kidevu. Cha kunakili kwa wizi, alisema, unakitumia ukitazama mlango. Hoja ya pili: waajiri wanataka cheti chenye majina ya programu wanazozijua, na msichana wa Gitothua anayepanda gari kila siku kuja kusoma hatalishwa na uhuru. Alisema mtu aliyejifunza kuandika barua ataandika barua popote. Lakini waajiri hawakuona hivyo, na wanafunzi wengine walihamia chuo cha jirani kilichofundisha programu za wizi bila wasiwasi wowote. Hoja ya tatu nilidhani ingemmaliza.

"Madam, kwa hii Thika yote nani atasoma hayo maandishi? Hata wewe mwenyewe huwezi."

Ilikuwa kweli. Alichapa kwa vidole kumi bila kuangalia, haraka kuliko mtu yeyote niliyewahi kumwona, lakini programu hakuijua hata mstari. Alikuwa anapigania haki ya kusoma kitu asichoweza kukisoma, na aliyeweza kukisoma, yaani mimi, sikuona haja.

"Kwenu kwa plot," akaniuliza, "mita ya stima iko wapi?"

Nikamwambia iko kwa landlord, mwenye nyumba zetu za kupanga, kwa kibanda, na kufuli juu.

"Na mwisho wa mwezi?"

"Anatuambia kila mtu atoe ngapi."

"Unajua kusoma mita?"

"Sijui."

"Basi hiyo kufuli haikusumbui." Aliniangalia juu ya miwani. "Wewe hujui. Lakini yule mama wa nyumba ya mwisho, yule alikuwa anafanya kazi ya stima, anajua. Kufuli haijafungiwa wewe, Digrii. Imefungiwa yeye."

"Na kama plot nzima hakuna mtu anajua?"

"Tunangoja mpangaji mpya."

Alikuwa na mbinu zake pia, ambazo hazikutoka kwenye karatasi za ng'ambo. Ada ya masomo aliendelea kutoza, na nilipomdhihaki kwamba uhuru wake una bei, alijibu kwamba anauza saa zake za kufundisha, programu hauzi. Mtu akisema chuo chake ni cha vitu vya bure alipiga meza. Hakusema bure, alisema huru. Mbinu kubwa ilikuwa ya mwisho wa kozi. Kila aliyemaliza aliondoka na seti ya disketi alizozinakili mwenyewe, na alitakiwa amtafute mtu mmoja, popote, ampe na amfundishe. Huyo naye atafute mwingine. Hakufuatilia kama walifanya. Alisema akianza kufuatilia atakuwa kampuni.

Sasa lazima nieleze mwaka huo, katikati ya miaka ya tisini, ulikuwaje. Mahubiri, magazeti, mazungumzo ya saluni, yote yalijaa habari za waabudu shetani. Ilisemekana wameingia mashuleni. Ilisemekana wana pesa za ng'ambo, wanatoa zawadi kwa vijana, na ukishapokea zao unatakiwa uwaletee mtu mwingine. Hakuna aliyewahi kuwaona lakini kila mtu alimjua mtu aliyewaona. Nilizicheka habari hizo hadharani, na nikiwa peke yangu nilijiuliza kama ni busara kuzicheka. Watu walikuwa wameanza kuwaangalia majirani zao vibaya.

Kati ya zile CD, kulikuwa na moja iliyochorwa kikatuni juu yake: kijishetani chekundu, chenye pembe, mkia na uma mkononi, kimevaa viatu vya raba, kinatabasamu. Ilikuwa alama tu ya kundi lililotengeneza programu za CD hiyo, utani wao. CD yenyewe ilikataa mashine zetu kuukuu na hatukuwahi kuitumia. Ilikaa kwenye droo. Msichana mmoja wa Kiganjo, mchangamfu, mwenye bidii kupita wote, aliiona, akakipenda kile kikatuni, akaomba kuipeleka nyumbani akamwonyeshe mama yake kitu kinachong'aa kama kioo.

Mama yake aliipeleka kwa Pasta.

Jumamosi iliyofuata, baada ya mazoezi ya kwaya, tuliitwa ukumbini. Wazazi walikuwa wamejaa kwenye viti vya plastiki. Pasta aliiweka ile CD mezani juu ya kitambaa, kama hakutaka iguse mbao. Sikumwona kama mtu mbaya, wala leo simwoni hivyo. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyelala vibaya.

Alimuuliza Madam kwa upole hiki ni nini. Madam akaeleza. Alieleza vizuri, kwa subira, na nikaona mabega ya wazazi yakianza kushuka. Nikamnong'oneza kwamba awaachie hiyo CD waichome, hatuihitaji, tutoke hapa. Alitikisa kichwa kukubali. Nusura tupone.

Ndipo mama wa yule msichana akasimama. "Mwalimu, mimi sina ubaya na wewe. Aki mtoto wangu anakupenda. Lakini niambie kitu moja tu. Hao watu hawakujui. Wanakupatia vitu za pesa mingi, hawataki kitu. Wanataka nini?"

"Wanataka tu usimnyime mwingine," Madam alisema.

Yule mama akamgeukia binti yake. "Mkimaliza kozi, Madam huwaambia mfanye nini?"

Msichana alijibu kwa fahari, kwa sauti ya mtoto anayejua jibu. "Kila mtu atafute mtu mmoja, ampelekee."

Nilisikia kiti kikisogea. Hakuna aliyepiga kelele. Mzee mmoja nyuma alisema "haiya" kwa sauti ya chini sana, na mzazi aliyekaa mbele yangu akalivuta koti la mtoto wake karibu. Nilimwangalia Madam nikaona kwamba na yeye ameelewa. Jambo alilojivunia kuliko yote lilikuwa na umbo lilelile la jambo walilokuwa wanaliogopa kuliko yote, na hakukuwa na neno la kulitenganisha ambalo waabudu shetani, kama wangekuwepo, wasingelisema pia.

Pasta alimpa njia. Azifute zote, arudishe programu zile ambazo vyuo vyote vinatumia, na aache hiyo habari ya kupeleka kwa mwingine. Akifanya hivyo, chumba ni chake na yeye mwenyewe atasimama madhabahuni amtetee. Asipofanya, atafute mahali pengine. Ukumbi mzima ulijua kwamba zile programu za vyuo vyote ni za wizi. Pasta alijua. Hilo halikumsumbua mtu.

Tuliporudi darasani nilimwambia akubali. Nilimwambia kwa maneno makali kuliko aliyostahili, kwamba anafanya ukaidi wa mtoto, kwamba kuna wasichana wanaomtegemea, kwamba maandishi yasiyosomwa na mtu si uhuru wa mtu. Alinisikiliza huku anafungua kamba ya stepla kwenye mguu wa meza. Ile kamba ilimsumbua, fundo lilikuwa la miaka. Alipomaliza aliiweka stepla mkobani, akasema hawezi kurudi kutazama mlango. Alichoka na mlango.

Mashine alizihamisha kwa mkokoteni na pikapu ya kuazima. Mimi nilipata kazi Nairobi wiki chache baadaye, ile kazi ya maana.

Nilimwona tena mwishoni mwa muongo, Gitothua, Ruiru. Miezi ile ya mwisho ya elfu moja mia tisa tisini na tisa kila ofisi ilikuwa na wasiwasi wa aina moja. Ilisemekana kompyuta zinahesabu mwaka kwa tarakimu mbili, na zikifika sifuri sifuri zitachanganyikiwa. Wahubiri walisema mengine zaidi. Ofisini kwetu mishahara yote ilikuwa ndani ya programu iliyofungwa, na aliyetuuzia alikuwa ameacha kushika simu. Bosi aliniuliza kila asubuhi kama itavuka mwaka. Kila asubuhi nilimwambia sijui, na sikuwa na njia ya kujua. Nilikuwa na digrii na nilikuwa nasimama nje ya kibanda cha mita. Nilikwenda kumtafuta Madam bila kuwa na swali kamili.

Chumba kilikuwa kidogo kuliko cha Landless, kati ya kinyozi na duka la chakula cha kuku. Wanafunzi walikuwa wachache. Stepla ilikuwa imefungwa kwa kamba mpya. Kikombe cha kijani kilikuwa mezani. Kilichonishtua ni kwamba amekaa akitazama ukuta, na mlango, ukiwa wazi kabisa, uko nyuma yake.

"Digrii," alisema kabla hajageuka. "Bado unaburuta miguu."

Alinipa uji kwenye kikombe cha plastiki cha wageni, kile kimoja tu alichokuwa nacho. Tukaongea. Aliniambia, kama anayetaja habari za mvua, kwamba Pasta anatumia programu zake. Kanisa lilikuwa na rekodi zake kwenye kompyuta, ndani ya programu ya kijana mmoja aliyeondoka nchini, na hofu ya mwaka ilipoanza hakuna aliyeweza kuifungua aone kama itavuka. Pasta alikuja mpaka Gitothua.

"Akakuomba msamaha?"

"Aliomba programu."

"Ukampa?"

Aliniangalia kama nimeuliza upumbavu. "Aliomba," alisema tena.

Nilimuuliza yule msichana wa Kiganjo yuko wapi. Hakujua. Nilimuuliza kama wanafunzi wake wa zamani waliwafundisha wengine kweli, kama kile kitu kilienda popote, au kiliishia Landless na kumgharimu chumba kwa ajili ya ndoto ya watu wa mbali. Hilo pia hakujua. Halikumpa raha, nililiona hilo. Alizungusha kikombe chake mezani.

Viatu vigumu vikasikika nje. Mimi ndiye niliyegeuka.

"Ingia, Pasta," Madam alisema, akiendelea kuchapa.

Pasta alikuwa amezeeka. Alibeba disketi ndani ya bahasha, akanisalimu kwa kunipa mkono bila kunikumbuka, au akijifanya hanikumbuki. Alisema amekuja kwa ile shida ya tarehe. Waumini wanamuuliza, na yeye hataki kuwadanganya. Je, ile programu ya rekodi itavuka? Macho yake yakaenda kwenye thermosi. Alikuwa amekuja mbali na jua lilikuwa kali. Madam aliona anavyoangalia, na nikamwona akichapa kwa haraka zaidi, vidole vinakimbia, kama mtu anayetaka mwenzake asipate nafasi ya kusema.

"Huo uji, Madam," Pasta akasema, "ni ule wako wa zamani? Naweza kuonja kidogo?"

Vidole vikasimama. Aliangalia kikombe cha plastiki mkononi mwangu, kimejaa nusu. Kisha akachukua kikombe cha kijani, akamwaga nje uji uliobaki, akamimina mpaka juu, akampa bila kumwangalia usoni. Pasta akanywa palepale penye ukingo uliobanduka.

"Itavuka?" aliuliza tena, akijifuta mdomo.

"Sijui," Madam alisema. "Lakini iko wazi." Akafungua maandishi ya ile programu ya rekodi, akainuka kwenye kiti chake, akanisogezea. Kwenye skrini yale maandishi yalikuwa yametanda mstari juu ya mstari, na mimi ndiye peke yangu chumbani niliyeweza kuyasoma. "Digrii. Tusomee."

Niliweka kikombe chini. Nikakaa, mlango ukiwa nyuma yangu, nikaanza na mstari wa kwanza.